Hapo Jembe Lisipite

Mtu mwoga kuliko wote niliopata kukaa nao jirani alikuwa mhubiri. Nasema hivyo kwa upendo, na kama angekuwa hai angekubali, halafu angeniomba nishushe sauti. Tulimwita Mwinjilisti, sisi sote, hata mkewe, hata wajukuu zake, na hapa sitamwita vinginevyo. Aliutunza usharika wetu mdogo wa Kilutheri huku Kyerwa, kwenye vilima vya upande wa Kibingo, kwa miaka mingi kabla hatujapata mchungaji wetu wenyewe. Ni kilima gani, nitamwambia mwenye haki ya kujua, akiuliza.

Aliogopa radi, mbwa, pikipiki, sindano, uyoga, na watoto wanaokimbia huku wana kijiti mdomoni. Aliogopa kikombe kilichowekwa ukingoni mwa meza. Angeweza kuwa katikati ya maneno mazito, labda anasuluhisha mtu na mkewe, akanyoosha mkono, akakisogeza kikombe ndani, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Akikusindikiza alikuwa akisema, "Bwana yu pamoja nasi, lakini chukua mwavuli." Na kabla ya sala ya jioni: "Tuombe. Mlango umefungwa?"

Jumapili moja alihubiri juu ya kutojisumbua na mambo ya kesho. Alihubiri vizuri kweli, hadi akina mama wawili watatu wakatoa leso. Ghafla akanyamaza, akachungulia dirishani, akasema kwa sauti ile ile ya mimbarini, "Mzee wa kanisa, wingu lile silipendi, hebu kimbia ukaanue kahawa yangu." Tulicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Kahawa ilikuwa nje imeanikwa, na wingu lilikuwepo.

Hizo zilikuwa hofu zake ndogo ndogo, tulizizoea. Ile kubwa ilikuwa na mahali pake. Mwisho wa kibanja chake, shamba lake la nyumbani, pale migomba inapokoma na kuanza rweya, yaani uwanda wa nyasi tunakochungia, palikuwa na kiduara cha ardhi kisicholimwa, kisichozidi ukubwa wa chumba cha kulala. Kilizungushiwa miramura, ile mimea mirefu ya majani membamba tunayopanda huku kuwekea mipaka. Ndani ya duara hakukuwa na mgomba, wala mbuni, wala hata haragwe.

Mimi ni mtu wa Muleba. Niliolewa huku nikiwa binti mdogo, na Kihaya changu kiliwachekesha sana Wanyambo, wenyeji wa huku, mpaka nikawa naenda kisimani nikiwa nimefunga mdomo. Kibanja cha mume wangu kinapakana na cha Mwinjilisti, kwa hiyo wiki ile ile niliyofika alikuja kunionyesha mpaka.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo haviterezi?" Akaviangalia kwa muda. "Haya. Shamba lenu linaishia hapa. Na pale ndani ya miramura, pale jembe lisipite. Hata likikuponyoka mkononi likaangukia humo, liache. Nitakupa langu."

"Kuna nini, Baba?"

"Bomu," akasema, akarudi nyuma hatua, nami nikarudi.

Habari ya bomu kila mtu huku aliijua. Miaka michache baada ya vita vya Kagera kwisha, wanajeshi walikuwa wakifanya mazoezi ya usiku. Ng'ambo ya kilima palikuwa na uwanja wa nyasi uliotumika wakati wa vita, na ndege zikawa zinaushukia gizani, zikikaribia kugusa ardhi kisha zinapaa tena. Hayo ya mazoezi watu waliyajua baadaye. Usiku ule walichojua ni kwamba ndege ya mabomu inakuja chini chini, na vita vilikuwa vimewafundisha la kufanya. Walizima kila kitu, vibatari, moto wa mafiga, hata viko vya wazee. Mwinjilisti wakati huo alikuwa kijana asiyeoa bado, na ndiye aliyekuwa na sauti. Alisimama juu ya kibanja cha baba yake akipiga kelele, "Zimeni! Zimeni!" mpaka kilima chote kikawa giza. Ndege ikapita juu ya migomba, ikazunguka, ikarudi chini zaidi, ikaangukia pale mwisho wa kibanja.

Waliokuwa ndani walikufa wote. Asubuhi wanajeshi walikuja, wakakaa siku kadhaa, wakabeba marehemu wao, wakaokota vipande, wakatangaza kwamba atakayekutwa na chochote cha ndege ile, hata msumari, watamkamata waondoke naye. Mwinjilisti alitusimulia kwamba afisa mmoja alimwachia agizo: hapa chini huenda pamebaki bomu, msichimbe mpaka tutakaporudi. Hawakurudi, naye akalishika agizo.

Tangazo la wanajeshi halikuwazuia watu, kwani huku hatutupi kitu kinachofaa kupikia. Bati jeupe la ndege lilikwenda kwa fundi mmoja kule Nkwenda, likarudi limekuwa mifuniko ya sufuria. Mama mkwe wangu alikuwa nao mmoja, mwepesi, haushiki kutu, mpaka leo ninao. Basi Mwinjilisti alikuwa hali chakula kilichofunikwa na mifuniko ile. Kwenye harusi ungemwona ananyemelea jikoni, anawauliza wapishi kwa unyenyekevu, "Mama zangu, kifuniko hiki cha wapi?" Akiambiwa cha dukani, anakula ndizi na maharage kama mtu mwenye ahadi. Akiona wanatazamana, anaomba maji tu. Mimi nilisema ni madaha, nikamwambia usoni. Akajibu, "Labda, Mama Asimwe," akasogeza kikombe changu ndani ya meza.

Na taa. Tangu usiku ule hakuwahi kulala bila taa nje. Zamani ilikuwa kandili juu ya msumari, baadaye balbu ya sola. Ikisikika ndege yoyote inapita, hata ile ya abiria iliyo juu mawinguni haijui kama Kyerwa ipo, anatoka na tochi ya ziada na kusimama uani mpaka mlio upotee. Majirani tulikatazwa kuzima taa ghafla. Askari mmoja mstaafu aliyehamia Nkwenda kufanya biashara ya maharage alimweleza mbele yangu kwamba rubani hafuati vibatari vya wakulima, ana vyombo vyake, na uwanja ule ulikuwa na taa zake. Mwinjilisti alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru. Jioni yake aliongeza balbu ya pili.

Nilimdhania mwoga wa kawaida, lakini kulikuwa na mambo yasiyolingana, na mimi ni mtu wa kupekua. Watoto wakicheza mpira rweyani, mpira ukaingia kwenye miramura, aliwafokea wasisogee, halafu anaingia yeye mwenyewe kuutoa, taratibu, amevua kofia. Nilimwuliza mbona yeye haogopi kulipuka. "Mimi nimeshazeeka," akasema, na wakati huo hata mvi alikuwa hana. Magugu ya mle ndani aliyang'oa kwa vidole, amepiga magoti, na nyasi zake zilikuwa safi kuliko uwanja wa kanisa. Kila sikukuu ya Noeli, tunapotandaza nyasi mbichi nyumbani kuwapokea wageni, alikwenda kutandaza na kule. Mtu anatandikia bomu? Mume wangu alisema niache kuchunguza mambo ya wazee.

Mwaka mmoja mwenyekiti wa kijiji, mtu wa vitendo, alisimama mkutanoni akasema sasa basi, ataomba jeshi lilete wataalamu walitoe bomu bila gharama, watoto wawe salama. Tukapiga makofi. Nikamtafuta Mwinjilisti kwa macho nimpongeze, nikamwona amekaa chini kwenye vumbi. Jioni ile alipelekwa zahanati, presha imepanda. Mwenyekiti alipokwenda kumwangalia, mgonjwa alimshika mkono akamsihi kwa machozi asilete watu, ardhi isiguswe. Mwenyekiti alitoka pale amechoka. "Huyu baba anaogopa bomu, na anaogopa zaidi likitolewa. Mimi nimeshindwa." Sisi tulicheka tena.

Jambo moja hatukulicheka. Kila Jumapili, baada ya kuwaombea wagonjwa na viongozi, aliwaombea akina mama wasiojua watoto wao wamelala wapi. Hakukosa hata mara moja. Wengi tunao vijana waliokwenda Kampala au Dar es Salaam wakaacha kupiga simu, kwa hiyo kila mama alijua ameombewa yeye. Nami nilikuwa nikilia hapo, sioni aibu kusema.

Kisha ulikuja mradi wa maji. Ningependa mnielewe. Mwanamke wa kilima hiki anashuka bondeni na dumu, anachota mahali ng'ombe wanapokunywa, anapanda nalo, na akifika juu maji yameshaanza kwisha kwa kunawa. Sasa tuliambiwa yatatoka chemchemi ya juu, yatapita kwenye bomba, yatafika karibu na kanisa. Kazi yetu ni kuchimba mtaro, kila kaya kipande chake. Mtaalamu alikuja kutoka wilayani, kijana mpole mwenye buti, akapigilia vigingi kuanzia kwenye chemchemi. Vigingi vikashuka vizuri mpaka kwenye miramura, vikapita katikati ya duara, vikatokea upande wa pili.

"Hapo kuna bomu," wazee wakamwambia.

Kijana akazunguka mahali pale, akasoma udongo, akasema kwa heshima kwamba ndege ya mazoezi ya kushuka usiku haina sababu ya kubeba mabomu, na hata lingekuwepo, wanajeshi wasingeliacha. "Shikamooni wazee wangu, lakini tukikwepa kila hadithi, maji hayatafika." Vijana wetu wakacheka. Wao hawakuiona ndege ile, kwao bomu la Mwinjilisti lilikuwa kama zimwi la kutishia watoto walale. Ikapangwa Jumatatu wachimbe.

Jumamosi mchana nilikwenda kwake, nimekasirika. Wakati huo mkewe alikuwa ameshatangulia, na yeye alikuwa amedhoofu, anashinda nyuma ya nyumba na blanketi miguuni.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Mama Asimwe. Karibu ukae, ila si kiti hicho, mguu wake si mzima."

Nikakaa kwenye kiti hicho hicho. "Mwinjilisti, Jumatatu wanachimba. Mimi nimebeba maji kwenye kilima hiki tangu nije, kiuno changu kimekwisha. Wajukuu zako wanaharisha kila masika. Mtaalamu anasema hakuna bomu. Wewe unasemaje?"

"Anasema kweli."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Hakuna bomu," akasema tena, polepole. "Halijawahi kuwepo."

Mawe, mama yangu wee! Nilitaka kucheka, nikataka kumrushia kitu. Miaka yote ile ya kuwachapa watoto kwa ajili ya nyasi tupu! Lakini nilipomtazama nikaona hachezi. Alikuwa anaiangalia mikono yake mwenyewe.

"Wanajeshi walipoondoka," akasema, "tata, baba yangu, alinituma nikakate migomba iliyoungua. Nikaukuta mkono."

"Mkono wa nini?" nikauliza kama mjinga.

"Wa mtu. Kuanzia hapa kwenye kiwiko. Umevaa shati bado, na kifungo cha hapa," akagusa kifundo cha mkono wake, "kilikuwa kimefungwa. Kila kitu kimeungua, Mama Asimwe, na kifungo kimefungwa vizuri."

Akaendelea, bila haraka, kama mtu anayetoa mzigo mmoja mmoja. Baba yake aliogopa. Walikwisha kutangaziwa, na nani angeamini kwamba kitu kile kimeonekana leo na si siku ile ya kwanza? Kuupeleka kambini ni kujitia matatani. Kuuacha rweyani, kuna mbwa. Yule mzee akaingia ndani, akatoa lubugo, lile gome la mti wa mtoma linalopondwa mpaka liwe nguo, ambalo wazee walikuwa wakizikiwa. Alikuwa amejiwekea la kwake. Wakaufunga mkono ndani yake, wakachimba, wakauzika wao wawili, baba na mwana, wakapanda miramura kama tunavyopanda penye makaburi. Na ili watu wasiulize, yule kijana akatunga agizo la afisa na bomu.

"Tulimzika kama mtu wa kwetu," akasema. "Ila hakuna aliyelia. Tuliogopa majirani wasisikie."

"Lakini baadaye? Ulikuwa mhubiri, nani angekufunga?"

"Niliogopa. Nilikwenda mara moja mpaka lango la kambi. Askari akaniuliza shida yangu, nikasema nimepotea njia. Mwaka ukapita, na kueleza kwa nini sikusema mwaka jana kukawa kugumu zaidi, na mwaka mwingine hivyo hivyo." Akafuta uso kwa blanketi. "Kuna mama mahali alizika mtoto pungufu. Walimletea sanduku limefungwa, akaamini yumo wote. Mimi ndiye ninayejua kuwa hayumo wote. Nikila nakumbuka. Nikihubiri nakumbuka. Sina jina lake, sijui ni mtu wa wapi. Alikuja kwetu usiku, na mimi ndiye niliyesema tuzime."

"Askari yule alikwambia taa zenu hazikuwa na maana."

"Labda. Naomba iwe hivyo kila siku."

Hapo kiti kikavunjika mguu. Nilianguka vibaya, na mzee yule mgonjwa akatupa blanketi akaja kuninyanyua, akinigusa mikono yote miwili kama anaihesabu, akiniuliza kama nimeumia, na ndipo tukalia. Tulilia wote wawili kwa sauti, bila kuficha. Nadhani ndicho kilio alichokuwa anadaiwa yule kijana wa ndege.

Kabla sijaondoka alinipa maagizo. La kwanza, nimsitiri mpaka afe. La pili, wamzike yeye pale, nje kidogo ya miramura. "Bomu wameanza kulicheka," akasema. "Kaburi hawatalicheka." Ni kweli, huku hakuna atakayepitisha mtaro penye kaburi la mhubiri, hata awe na vigingi vya chuma. La tatu: "Nikishalala, sema. Labda yupo ndugu yake atakayesikia. Mimi nimeshindwa, wewe huogopi kusema." Nikajibu nimekubali.

Jumatatu nilitangulia kufika. Vijana walikuja na majembe wanataniana, na mtaalamu na buti zake. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia yao, mbele ya miramura.

"Hapa hampiti. Kuna bomu."

"Mama Asimwe!" mmoja akasema. "Hata wewe? Si ndiye uliyekuwa ukimcheka?"

"Nilikuwa simjui. Pitisheni kwangu."

Nikang'oa vigingi vyao kwa mikono, nikavikokota mpaka ndani ya kibanja changu, nikavichomeka katikati ya mibuni yangu inayozaa, ile ya chini ambayo mume wangu aliipanda tulipooana. Nilijua mizizi itakatwa. Nilikuwa natetemeka mwili mzima, kwa hasara ile, kwa uongo ule, kwa hofu kwamba kuna kijana atapiga jembe moja la utani mle ndani na kukuta lubugo. Waliponiona natetemeka wakaacha kucheka. Mtaalamu akapima upya, akasema itawezekana, bomba litapinda tu. Mwinjilisti alikuwa amesimama mlangoni kwake kwenye jua kali, na taa ya nje inawaka.

Maji yalifika. Aliyanywa mara ya kwanza kwa kikombe nilichomletea mimi, akayaangalia kwanza kama yana mdudu. "Limepinda?" akauliza. "Limepinda, Baba," nikasema. Hakupita masika mengine. Tulimzika alipotaka, na waliochimba kaburi walichimba kwa hofu, kidogo kidogo, wakiuliza mbona mtu aliyeogopa bomu maisha yake yote anataka kulala nalo karibu. Nilikaa nao mpaka walipomaliza. Sasa miramura imemzunguka na yeye.

Kwa hiyo nasema, kama alivyoniagiza. Ikiwa kuna nyumba yoyote iliyoletewa sanduku la kijana wa ndege, miaka ile ya baada ya vita, likiwa limefungwa na mkaambiwa msilifungue, basi sehemu yake iko kwetu. Ilifungwa kwenye lubugo la mzee aliyejinyima lake. Magugu hung'olewa kwa vidole, siku hizi kwa vidole vyangu. Kaombewa kila Jumapili, na mama yake pia. Jembe halijapita. Njooni tu mkiulizia kwa Mwinjilisti, watawaonyesha mahali bomba linapopinda, na mkichelewa njiani mkafika usiku msihofu, taa ya nje tunaiacha ikiwaka.